Baiti Nne za Kibaigwa

Kidhibiti kina miguu michache,
ubao una taa thelathini na mbili.
Nikakipa waya tatu tu:
mmoja wa kusema,
mmoja wa kupiga mapigo,
mmoja wa kufuli.
Nyuma ya ubao rejista nne zimeshikana mikia
kama vibarua wanaopokezana matofali:
tofali la kwanza halibaki mikononi mwa wa kwanza.

Hilo nililijua. Nilifundishwa VETA,
likaja kwenye mtihani, nikalijibu.
Lakini kujua na kukumbuka
ni majirani tu, hawalali nyumba moja.

Siku ya kwanza tarakimu zilitoka
kama nyayo za kuku vumbini:
nilitanguliza biti ndogo, kubwa ikafuata.
Madalali wa mahindi wakacheka.
Nikarekebisha, nikacheka nao.
Kosa linaloonekana lina huruma.

Siku ya pili ubao ukasomeka.
0470.
Nadhifu, mwekundu, hautetereki
hata lori la Singida lilipopita likipiga honi.
Nikapanda juu ya kreti la soda, nikafuta kioo,
nikapiga picha, nikamtumia mama.

Bei ya asubuhi ile ilikuwa 0740.

Sifuri zilisimama huku na huku
kama walinzi wawili wa sare moja;
nani angejua kwamba waliobadilishana zamu
ni wale wa katikati?

Mbeleje Chidawali alikuwa ametoka Pandambili
na magunia sita kwenye mkokoteni wa punda.
Akatazama juu. Akatazama magunia.
Akasema kwa Kigogo, taratibu,
kitu ambacho hapa sitakiandika.
Akauza mawili, manne akarudi nayo.

Mnunuzi bei ya kweli alikuwa nayo, kwenye simu.
Aliutazama ubao wangu
jinsi mtu anavyomtazama shahidi wake.

Usiku nikafungua boksi, tochi mdomoni.
Nilikuwa nimetuma kama ninavyosoma,
kushoto kwenda kulia:
sifuri, saba, nne, sifuri.
Kumbe anayetangulia kuingia
husukumwa na kila anayemfuata,
biti kwa biti, pigo kwa pigo,
hadi mwisho wa mnyororo.
Aliyechelewa ndiye anayekaa mlangoni.

Nikageuza kitanzi kianzie nyuma.
Alama ya kutoa, palipokuwa na ya kujumlisha;
basi, hiyo tu.
Nikashusha kufuli,
nikapitisha mapigo thelathini na mawili gizani,
pasipo taa hata moja kuropoka
kabla wote hawajafika mahali pao.
Nikainua.

0740.

Mia mbili sabini kwa kilo,
magunia mawili ya kilo mia mia:
elfu hamsini na nne.
Nimeiandika kwa kalamu ya wino
ndani ya kifuniko cha boksi,
fundi atakayekuja baada yangu aione
kabla hajagusa waya.

Thelathini ninazo tayari.
Jumamosi nakwenda Pandambili;
njia nimeulizia,
na nimeambiwa nyumba yake ina bati jipya upande mmoja
na upande wa pili bado.