Mizani ya Ghala

Mizani ya zahanati iligota mia na hamsini.
Mshale ukatetemeka, ukagoma.
Nesi akaniangalia, akaangalia sakafu,
akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri ya serikali:
"Mama, hapa hatuna cha kukupimia."

Mimi, Somoe Likanga, karani wa mizani,
misimu kumi na saba ghala la Kitangari!
Mimi niliyemwambia Chinguile mbele ya wanawe,
"Korosho zako mbichi, rudi kaanike."
Gunia likitua najua kwa sikio
kama limetimia themanini au limepunjwa.

Basi usiku, ghala limefungwa,
mlinzi Akwilombe kageuza uso ukutani kwa adabu,
nikavua kandambili, nikapanda.
Mia na sabini na mbili.
Magunia mawili, na kilo kumi na mbili za nyongeza.
"Daraja la pili," nikatangaza, kama siku ya mnada,
nikacheka peke yangu,
kisha nikaacha kucheka.

Hapa kwetu mwili ni neema.
Mama aliniongezea uzi wa shanga kila mwaka, akipiga vigelegele.
Marehemu mume wangu alijisifu barazani: nyumba yangu ina nguzo.
Nani aliyesikia nguzo inavyopumua usiku,
pumzi ikikatika kama redio ya betri kuukuu?
Nalala nimekaa. Magoti huniamsha kabla ya adhana.
Kisukari kinanionja vidole vya mguu,
kimoja kimoja, hakina haraka.

Daktari wa Mtwara mjini, kijana Nandonde,
alichora nyuma ya stakabadhi yangu.
Njia ya kwanza: mfuko wa chakula unakatwa kwa urefu,
sehemu kubwa inatolewa, kinachobaki hakizidi ndizi.
Ya pili: kijifuko kidogo juu, kama korosho,
na chini yake tumbo kubwa linaachwa bila kazi.
"Umechora bibo kichwa chini," nikamwambia.
Akaendelea: utumbo unaunganishwa hapo juu,
chakula kinapita mchepuko.
"Mchepuko? Kwa umri huu?"
Alicheka hadi miwani ikamteremka puani.

Halafu akaipandisha, akaweka kalamu chini.
Kuna kuvuja ndani. Kuna damu kuganda.
Kuna wachache wasioamka.
Kuna vidonge vya kumeza hadi kaburini,
na ngozi itakayobaki ikining'inia, gunia tupu.
Na haifanyiki huku; ni Dar es Salaam,
na bei yake ni shamba la bondeni, mikorosho yote,
hata ule niliozikia kitovu cha mwanangu.

Mdogo wangu Fadhina akasema,
"Funga mdomo tu, dada. Hiyo ni bure."
Fadhina, nimeufunga tangu wewe unanyonya.
Mwili huu ni mkopeshaji:
nikiulipa kilo kumi
unarudi usiku kudai ishirini, na riba ya njaa.
Niliufunga mdomo mpaka nikaanguka kwenye foleni ya maji,
nanyi mkasema nimeshiba.

Nimeuza shamba. Nimechagua ndizi.
Sikuchagua kwa ushujaa; nilichagua kwa hesabu,
kama ninavyochagua kila siku
kati ya mzigo na kamba.

Jana jioni nilimfundisha Akwilombe kazi yangu.
Kabla ya kupima, futa jukwaa, tazama sifuri.
Isipokaa sifuri, usimpime mtu, utamdhulumu.
Akauliza, bila kunitazama,
"Ukirudi mwembamba, dada Somoe, tutakujuaje?"
"Nitakuja ghalani," nikasema,
"nikwambie gunia lako limepungua."

Tuliketi kwenye magunia matupu na sufuria ya ming'oko.
Nikala mitatu, na chumvi.
Wa nne niliushika muda mrefu,
ungali moto,
nikaupima kwa kiganja,
nikampa yeye.