Msimu Kwenye Beseni

Agosti jezi zilikuja na mikunjo ya dukani.
Mimi Ndahani, mfua jezi wa Mlimwa Rangers,
nikazianika nyuma ya ofisi, Kizota,
upepo wa Dodoma ukazijaza vifua
kabla hazijavaliwa.

Kisha zikaanza kusema.
Bukoba: tope jeusi, tatu bila.
Mbeya: majani, sare, dakika ya tisini na nne.
Nyumbani: vumbi jekundu lisiloogopa sabuni,
na mashabiki wa kuhesabika, wengine wadeni wetu.

Novemba mdhamini akaacha kupokea simu.
Desemba mvua juu, bombani mgao;
nikafua kwa ndoo mbili,
moja ya povu, moja ya kusuuza timu nzima.
Kocha mpya alikuja na filimbi yake,
akaondoka nayo.

Februari, zabibu zikivunwa Hombolo,
Lechipya aligeuka vibaya,
goti likalia kama ukuni mkavu.
Namba sita ilirudi imekatwa kwa mkasi wa daktari.
Niliishona. Hakuna aliyeiomba.

Mei tulihitaji pointi moja tu tusishuke.
Penalti ikagonga mtambaa panya,
ikagonga mgongo wa kipa,
ikaingia ikijikokota
kama mtoto aliyetumwa dukani kukopa.
Wanaume wazima walilia.
Mshahara wa Machi haujaingia.

Leo nafua mara ya mwisho.
Maji yanatoka mekundu,
namwaga, yanatoka mekundu tena.
Kambani zipo kumi na tisa.
Namba sita nimeianika peke yake, kivulini,
isipauke.