Fulana za Mapanki

Barua ilitoka shule imekunjwa mara nne:
Ijumaa ya mwisho ya Oktoba, Usiku wa Vitisho,
kila mtoto aje na vazi la kuogopesha.
Vazi! Nami hapo nina elfu sita
na mtungi wa gesi unaokohoa.

Kule madukani, kwenye ngazi zinazopanda zenyewe,
fulana moja yenye fuvu ni elfu thelathini na tano.
Niliigusa kwa kidole, nikairudisha taratibu
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe.

Basi twende Mlango Mmoja, Limi, Kashinje,
na wewe Byabato wa jirani, mama yako yuko zamu.
Tuliinamia rundo la mia tano mia tano
tukaibuka na nyeusi tatu:
moja ina jina la benki ya ughaibuni mgongoni,
moja ina tundu kwapani, litashonwa.
Jiki ya kupima, mia saba.
Mswaki mkongwe tunao.

Mifupa ya binadamu siijui kuichora.
Nilihesabu mbavu zangu kwa vidole, nikapotea kwenye ya tano.
Kitabu cha sayansi kimefungiwa kabatini kwa mwalimu.
Ndipo nikashuka Mwaloni, nikanunua panki la mia mbili:
sangara aliyekwisha kuvuliwa minofu,
kichwa, mkia, na katikati ngazi ya miiba.
Nikalilaza juu ya boksi la sabuni, nikalifuatisha kwa wembe.
Paka watatu wakaja kusimamia kazi.

Nanyi mtakaojaribu, sikieni:
ndani ya fulana ingizeni kadibodi,
la sivyo mgongo nao utaota mbavu.
Mswaki uchovye kidogo, ukwaruze kwa kidole gumba,
watoto wakae upande unakotoka upepo.
Msiende kupiga soga. Nyeusi haiagi kwa kishindo,
inaanza kama kutu, kama mtu anayekumbuka jambo,
mara mfupa huo.

Wa Limi ulitoka rangi ya chai ya maziwa.
Wa Kashinje, mwekundu wa bati la zamani.
Ya Byabato ikagoma. Poliesta.
Nikapaka mara ya pili, ya tatu, ikaniangalia tu.
Mtoto akajitia kutazama ziwa.
Nikakoroga uji mzito wa muhogo
na chokaa iliyobaki tulipopaka ukuta,
nikamjazia mwiba mmoja mmoja.
Wake ndio ukawa mweupe kuliko yote,
ila asinyeshewe,
na vuli ilishaanza kunguruma upande wa Ukerewe.

Jioni ile samaki watatu wasio na nyama
walishuka kati ya majabali ya Mabatini
wakisukumana, wakicheka.

Kashinje ndiye aliyenisimulia:
kulikuwa na mazimwi ya plastiki, pembe zinazowaka taa,
na mwalimu akamwinamia, "Na wewe ni nini?"
"Sangara."
"Sangara anatisha nini?"
"Minofu imepanda ndege, mwalimu. Mimi ndiye niliyebaki."
Eti mwalimu alicheka, kisha akaacha katikati.

Mvua iliwakuta kwenye daraja la Mirongo.
Niliwaona nikiwa mlangoni na kanga kichwani:
wawili mbele, na Byabato nyuma, kifua wazi,
fulana yake ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni
akiikumbatia kama mkate.
Radi ikamulika.
Nikazihesabu mbavu zake, upande mmoja, zote,
na safari hii sikupotea.

Nilimpa uji ule ule wa muhogo, bila chokaa.

Bibi Holo alikuwa kitandani, macho makavu ya asiyelala.
Akazitazama fulana zikining'inia kambani ndani ya nyumba,
miiba ikidondosha maji kwenye sufuria.
Nikangoja aseme ni uchuro, nimeleta makaburi sebuleni.
Akakohoa.
"Na mimi unishonee," akasema, "saizi kubwa.
Ila samaki wangu muache na nyama yake."