Zabadi

Alianza na mtetea wa kijivu,
yule aliyekuwa akitaga chini ya kitanda cha Asaa
kana kwamba amelipia chumba.
Tulisikia sauti moja tu, fupi,
kama mtu aliyekatwa neno.
Asubuhi manyoya yametapakaa hadi kisimani.

Usiku wa pili, jogoo.
Siku ya tatu hakungoja usiku:
magharibi haijaisha, mie nimo kwenye sijida,
namsikia apita juu ya makuti,
taratibu, kwa mwendo wa mwenye nyumba.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu kaja na majembe yake miguuni.
Kachimba chini ya banda kishimo cha kupita kichwa,
na kichwa cha ngawa kikishapita
kiwiliwili hakiombi ruhusa.

Tulifunga makopo ya maziwa kwenye kamba ya usumba.
Usiku wa kwanza yalilia, akakimbia.
Usiku wa pili, Asaa aapa,
aliyatikisa mwenyewe, akasikiliza, akayatikisa tena.
Nikammulika tochi:
makaa mawili, hayapepesi.
Akaketi. Akalamba kiganja.
Aliyeona haya ni mie.

Shaame Faki akaja na dawa mdomoni:
"Sumu ya panya, kijiko kimoja, kwenye utumbo wa kuku.
Kesho utamkuta kalala."
Nikamwuliza, na mtoto huyu anayeokota kila kitu?
Akasema mwanamke hawezi maamuzi,
akaenda kuamua upande wake wa ua.
Kulipokucha: kunguru wawili,
na paka wa Bi Time, yule chongo,
kakakamaa pembeni ya jamvi la karafuu.
Ngawa hayumo.
Ngawa usiku ule alikula papai langu,
akaacha mbegu mlangoni, zimepangika kama tasbihi.

Ndipo nikaizunguka nyumba yangu mchana,
kwa macho ya mwenye njaa.
Utumbo wa changu nyuma ya jiko, nilioona uvivu kuufukia.
Fenesi lililopasuka tangu Ijumaa.
Mlango wa banda umefungwa kwa uzi wa kiroba.
Kumbe meza nimeiandika mwenyewe,
kisha namlaumu aliyekaa kula.

Bibi yangu Mize, wa Mtambwe,
alikuwa akisema hawa walifugwa,
wamo tunduni, wamebanwa wasiweze kugeuka,
wakikwanguliwa mafuta kwa kijiko cha pembe.
Yakiwa peke yake, uvundo.
Yakichanganywa na udi na mawaridi,
hupakwa bibi harusi nyuma ya masikio.
"Kisha mmoja akatafuna mwanzi," angesema,
na hapo hunyamaza, huendelea kusuka ukili.
Sikuwahi kujua alikuwa upande wa nani.

Nikaenda Wete, nikarudi na wavu wa chuma, mita sita,
fedha ya mikeka miwili.
Tumeuzika shibiri mbili chini ya ardhi,
juu yake mawe.
Komeo la chuma badala ya uzi.
Utumbo sasa waenda shimoni, chini ya mgomba.
Matunda yaliyoanguka twayaokota kabla ya adhana,
Asaa akinung'unika, kiuno changu kikimwitikia.

Alikuja. Nilikuwa macho.
Alilizunguka banda mara tatu,
akaligusa komeo kwa ukucha, tik,
kama fundi akaguaye kazi ya fundi mwenziwe.
Ndani kuku watano wamekusanyika pembeni,
wamo tunduni, wamebanwa.
Nje yeye, na usiku wote ni wake.

Kabla ya kuondoka alijisugua kwenye nguzo.

Asubuhi nikaigusa, nikanusa kidole.
Uvundo wa kutapisha.
Halafu, nyuma yake, mbali,
kama mlango uliofunguliwa chumba cha tatu:
arusi ya mtu nisiyemjua.

Nikafuta mkono kwenye kanga.
Kanga ile sikuifua mpaka wiki ya pili.