Sabuni ya Mche

Mama alinituma Mkomani na riale saba
pindoni mwa leso, fundo juu ya fundo.
"Mpe Shee sonara mkononi, si mezani.
Na usizihesabu njiani."

Nilizihesabu, nimejibanza ukutani
punda wa mchanga wakipita.
Mara tatu. Kila mara, saba.

Zote mwanamke yule yule, mnene,
kidevu juu ya kidevu,
shela kichwani kama mjane wa kwetu,
na mwaka wao mmoja: 1780.
Nikauliza, hawa wamezaliwa siku moja?

Shee alicheka hata mvukuto ukalala.
"Huyu kafa zamani. Wao wakazidi kumpiga chapa
kwa mwaka ule ule, maana watu walishamzoea;
ukiwaletea mwenye tarehe nyingine, hawamtaki.
Tazama bizimu ya begani. Hesabu lulu.
Tisa? Haya. Sasa mgonge kwa ukucha, umsikilize.
Fedha husema. Risasi hunung'unika."

Nikazigonga zote, moja moja.
Zilisema.

Akaivuta karibu chungu ya kusubia.
Bangili mbili za arusi ya dada:
hivyo ndivyo alivyoagizwa.
Nikasema, ngoja!
Nikatoka mbio hadi dukani kwa Bwanaheri,
nikakopa mche wa sabuni kwa jina la mama,
nikaukandamiza, bado laini, riale baada ya riale,
nyuso saba kwenye safu iliyopinda.

Nyuma yangu tayari moto ulikuwa ukila pua ya kwanza.

Lile ndilo kabati langu la mwanzo.
Nililificha chini ya kitanda siku nne.
Akiba haiozi, wasemao husema.
Ijumaa mama alifulia kanzu za baba:
zikaenda lulu, likaenda shela,
kikabaki kidevu kimoja
kikiteleza ndani ya povu.
Hakuniuliza kitu. Deni la Bwanaheri alilipa,
na kofi langu pia nililipwa.

Mwaka jana, na mvi zangu hizi,
nilizuru kiwanda cha kupigia sarafu, ng'ambo.
Tulivishwa viziba masikio.
Vipande vitupu viliingia upande huu
na kutokea kule vina mfalme.
Wenzangu waliulizia ipi adimu, ipi ghali.
Mimi niliomba kushika muhuri wa chuma,
nikapitisha kidole: uso umezama ndani,
pua ni shimo, jicho ni bonde.
Nikanusa kidole.
Grisi tu.

Nina sarafu mia nne na kumi na mbili sasa,
kila moja na kijaluba chake, na daftari.
Lakini nikienda Lamu nafikia kwa dada Mwanamize,
nakaa jikoni, namwambia: nigongee.
Hucheka, husema nimerukwa na akili.
Kisha huinua mkono, hugonga bangili kwa ukucha.

Inasema.

Naye hurudi kwenye mbuzi, kukuna nazi.