Kabla Hujapanda Ndege, Kavindu

Begi twende tukalipime kwenye bucha ya Mbithi,
hapo chini, karibu na muuza mitungi ya gesi.
Mizani yake haina huruma.
Kilo ishirini na tatu, basi. Ya ishirini na nne
utailipia uwanjani kwa bei ya mbuzi.

Toa hiyo nyama uliyokausha. Forodhani hawaitaki,
wala maziwa ya kibuyu.
Muthokoi weka, na pojo. Nafaka hawana neno nazo,
na mwanao ndiye aliyeziomba.

Koti la Gikomba linafaa Julai ya Limuru.
Upepo wa Bretani unaingilia mkononi, unatokea shingoni.
Tafuta lenye zipu hadi kidevuni.
Mwavuli acha. Wangu, wa River Road,
uligeuka bakuli siku ya kwanza.

Ukishuka Paris usisinzie. Treni ya Rennes
ikiandikwa dakika saba, ni dakika saba,
si saba yetu ya "niko njiani".
Rennes unabadilisha. Saint-Malo reli inaisha;
ukiona wote wameshuka, shuka.

Dukani, kabla hujaonyesha mkate kwa kidole,
sema bonjuu. Usianze na shida.
Mimi nilianza na shida, mwenye duka akawa kiziwi
mpaka aliyekuwa nyuma yangu akamsalimia kwa niaba yangu.
Mama angempenda yule mwenye duka.

Saa sita mchana wanafunga, wanafunga kweli,
hadi saa nane. Jumapili usitegemee kitu:
hakuna dirisha la kugonga usiku
ukauziwa sukari robo.

Na jua la Juni huko halijui saa zetu.
Saa kumi na mbili jioni, mchana.
Saa moja, mchana. Saa tatu watoto wanacheza mpira
nawe umeshakula, umeshasali, umevaa gauni la kulalia.
Saa nne ndipo linaanza kufikiria.
Funga mapazia, ulale. Usilisubiri.

Sasa bahari. Wewe umeiona mara moja,
Mombasa, harusi ya Kyalo, ukiwa na viatu vya kuazima.
Ile ya kule inaondoka. Ikipwa, inapwa
mpaka macho yanachoka kuitafuta,
mashua zinalala ubavu kwenye tope,
na watu wanatoka na ndoo kama wanaokwenda shambani.
Utataka kuwafuata. Soma kwanza kijitabu cha maji,
kiko juu ya friji ya Mwikali.
Siku za bamvua usivuke kwenda kisiwani:
maji yanarudi kwa kuzunguka, yanakuja na nyuma yako.
Niliona wazungu wawili wamekwama juu ya jiwe,
wanakula biskuti, wanajifanya ndivyo walivyopanga.

Atakupa chaza mbichi. Kula mmoja:
limau tele, fumba macho, meza.
Wa pili kataa kwa heshima.
Mikono yake imechanwachanwa na maganda yao.
Usiishike ukaanza kulia. Ana glavu. Anaijua kazi yake.

Na usimuulize anarudi lini.
Mimi nilimuuliza, siku ya tatu, tukiosha vyombo.
Alikausha sahani ileile
mpaka nikaionea huruma sahani.
Siku nne zilizobaki alinitembeza makanisani,
akinieleza habari za madirisha.

Wewe mpakate mtoto tu. Mkono ukifa ganzi, uache ufe.
Akitaka kusema atasema, labda kwa Kikamba,
labda usiku ule usio usiku.

Nini tena. Soketi zao zina matundu mawili ya mviringo.
Adapta nimeiweka ndani ya soksi ya kushoto.
Ya kulia ina pesa, usiitoe mbele za watu.
Haya, shika upande huo.
Mbithi anafunga saa moja.