Dakika Nzima

Chuoni tulikatazwa: msihesabu robo dakika
mkazidisha kwa nne.
Pumzi ya mtoto haizidishwi. Ingojeeni yote.

Mimi nina miaka sita nazidisha.
Sekunde kumi na tano, mara nne, andika, kitanda kinachofuata,
saa ya kifuani inaning'inia kichwa chini
kama popo wa darini kwetu Isevya.

Na maisha niliyaandika vivyo hivyo,
nyuma ya fomu ya dawa, tarehe mbili Januari,
kwa kalamu iliyokuwa ikikata wino:
Diploma kabla sijafika thelathini na tano.
Vyumba viwili Ipuli, bati la migongo mipana.
Deni la kikoba liishe.
Nisimfokee Shija.

Nikaikunja mara nne, nikaificha nyuma ya kitambulisho cha kazi,
ikawa inanidai kila nikigusa shingo.
Nikila, nilikuwa nalipa ada.
Nikioga, nilikuwa napaua.
Mwanangu akinisimulia goli alilofunga
nilimwitikia "enhe" kutoka mwaka ujao.

Usiku mmoja wa mvua ya Machi umeme ukakatika wodini.
Kitanda cha saba: Nyanzala, miezi kumi na minne,
kaletwa na pikipiki kutoka Uyui,
mbavu zinaingia ndani kama turubai linalopigwa na upepo.
Mama yake akanishikia tochi ya simu.
Mkono ulimtetemeka, mwanga ukatetemeka,
kifua cha mtoto nikakipoteza, nikakipata.

Robo dakika: kumi na tatu.
Hamsini na mbili ilikwisha kuiva kichwani.
Lakini tochi ilikuwa moja, fomu ilikuwa gizani,
sikuwa na pa kuandika. Nikabaki palepale.

Kumi na nne. Kumi na tano.
Tone la mvua ndani ya ndoo.
Ishirini.
Kiatu cha kushoto kinanibana,
kumbe kinanibana tangu Krismasi.
Ishirini na saba.
Stesheni wanapanga mabehewa, chuma kinagonga chuma,
kisha kimya chenye urefu wa behewa.
Thelathini na moja. Bega langu likashuka
bila kuombwa, kama mgeni aliyekubali hatimaye kuketi.
Arobaini.
Mama ananukia moshi na karanga za kuchemsha.
Arobaini na saba, na mshale umerudi juu.

Arobaini na saba!
Pumzi tano ningemzulia mtoto wa watu.
Dawa ingekuwa ileile, nakiri, na sindano ileile;
hakuna muujiza uliotokea kitanda cha saba.
Ila nilikuwapo zote arobaini na saba,
na sikumbuki mara ya mwisho nilikuwapo mahali.

"Mwangaluka," mama yake akaniambia,
ingawa kulikuwa hakujakucha.

Nyumbani, Shija kamwaga uji juu ya daftari la hesabu.
Nikaanza kuhesabu pumzi zangu.
Nilifika ya tisa, nikafoka.
Wiki iliyotangulia nisingefika ya pili.

Fomu nimeifungua leo. Mikunjo imekula maneno:
deni limefutika karatasini,
kwa mweka hazina wa kikoba bado linang'aa.
Sikukata kitu. Diploma naitaka.
Vyumba navitaka, na bati lake.
Nimeongeza tu, kwa penseli, pembeni pasipo na mstari:
tofali mia tatu zimefika kiwanjani. Nenda ukazione.

Tukaenda, mimi na Shija, kwa miguu.
Zilikuwa zimelowa, nyekundu kama ndani ya kinywa,
na konokono mmoja juu ya ile ya pembeni
anahama bila haraka na nyumba yake imekwisha.

"Mama, yetu itaisha lini?"
Nikafungua mdomo nizidishe.
Nikaufunga.

"Hebu zihesabu," nikamwambia.

Akavua kandambili, akaanza na moja.